Testosteroni: Kazi Yake, Upungufu Wake na Tiba Yake

Kila mwaka, nimalizapo mhadhara wa homoni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hukuta mezani karatasi moja au mbili zilizokunjwa kwa uangalifu, zisizo na jina. Swali lililomo huwa karibu ni lile lile: je, mwanamume aliyepungukiwa na nguvu aweza kupata nafuu kwa kudungwa sindano ya homoni ya kiume? Swali hilo haliulizwi mbele ya watu, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maana pale elimu inaponyamaza, mchuuzi husema; na matangazo ya dawa za nguvu za kiume, ukutani na kwenye nguzo za umeme, ni mengi kuliko maelezo.

Tutaeleza kwanza jinsi homoni hiyo, testosteroni, ilivyogunduliwa. Kisha jinsi mwili unavyoitawala. Na mwisho jinsi upungufu wake unavyotokea, unavyotambuliwa na unavyotibiwa. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba upungufu wa testosteroni ni ugonjwa wa kweli wenye tiba ya kweli. Lakini si kila uchovu wa mwanamume ni upungufu huo. Na tiba yake, ikitolewa kwa asiyeihitaji, yaweza kumnyang'anya kitu ambacho huenda anakithamini kuliko vyote.

Majogoo wa Göttingen

Wafugaji waliijua kazi ya korodani kabla ya maabara yoyote kujengwa. Fahali aliyehasiwa akiwa mchanga huwa maksai: hutulia, huvuta plau bila ugomvi, wala hapandi majike. Jambo ambalo wafugaji hawakulijua, wala waganga wa Ulaya hawakulijua, ni njia ambayo korodani, zilizo mbali na kichwa, huweza kuiamuru shingo inenepe na tabia ibadilike. Wengi walidhani kwamba amri hizo hupitia katika neva.

Mwaka 1849 Arnold Adolph Berthold, wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, alichukua majogoo sita wachanga. Baadhi yao aliwahasi tu, kwa desturi ya wafugaji. Hao wakawa wapole. Undu wao, yaani ule upanga wa nyama nyekundu kichwani, ulibaki mdogo na kupauka. Hawakuwika kama majogoo wala hawakugombea mitetea. Wengine aliwatoa korodani zote mbili, kisha akapachika korodani moja katikati ya matumbo, mahali ambapo haikuwa na neva iliyoiunganisha na mwili. Hawa waliwika, walipigana, na undu wao ulistawi kama wa jogoo mwingine yeyote. Alipowapasua baadaye, Berthold aliona korodani ile imeshikamana na utumbo na kupata mishipa mipya ya damu.

Na tuifuate hoja yake, kwa kuwa ni mfano mwema wa kufikiri kisayansi. Neva zilikuwa zimekatwa, lakini athari ya korodani ilibaki; basi athari hiyo haikupitia katika neva. Njia pekee iliyosalia kati ya korodani na mwili ilikuwa ni damu. Hivyo hapana budi korodani hutia kitu fulani katika damu, na damu hukipeleka kitu hicho mwili mzima. Mwaka 1905 Mwingereza Ernest Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Mfano wa kinyume tunaupata kwa Charles-Édouard Brown-Séquard, mwanafisiolojia mashuhuri aliyezaliwa katika kisiwa cha Morisi. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, aliwatangazia wanasayansi wenzake mjini Paris kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za nguruwe wa Guinea, na kwamba nguvu za ujana zilikuwa zimemrudia. Habari hiyo ilienea upesi, na wauzaji wa dawa wakajipatia faida. Leo twajua kwamba testosteroni huyeyuka katika mafuta, si katika maji, na kwamba korodani haziweki akiba yake. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walilirudia tayarisho lake, wakakuta kwamba testosteroni iliyokuwamo ilikuwa kidogo mno isiweze kufanya kazi yoyote. Mzee yule hakudanganya. Alijisikia vizuri kwa sababu alitumaini kujisikia vizuri. Tutalikuta tena jambo hili tutakapofika kwenye tiba.

Kutoka machinjioni hadi maabara

Mwaka 1927 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya Fred Koch, walitumia korodani za mafahali kutoka machinjio makubwa ya mji huo, wakapata miligramu chache tu za dutu iliyoweza kuurudisha undu wa majogoo waliohasiwa. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilifaulu kuipata homoni yenyewe ikiwa safi, kiasi cha miligramu 10 kutoka kilogramu 100 hivi za korodani, nalo likaiita testosteroni. Katika mwaka huo huo Adolf Butenandt wa Ujerumani na Leopold Ruzicka wa Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, waliitengeneza kutokana na kolesteroli. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939.

Mwanafunzi wa kemia atapenda kujua kwamba fomula yake ni C19H28O2. Ni molekuli ndogo yenye pete nne za kaboni, nayo hutengenezwa mwilini kutokana na kolesteroli ile ile ambayo sisi huilaumu kwa maradhi ya moyo.

Jinsi mwili unavyoitawala

Ndani ya korodani mna kazi mbili tofauti. Kuna vijineli vyembamba vilivyojikunja, ambamo mbegu za kiume hutengenezwa. Na katikati ya vijineli hivyo zimo seli za Leydig, zilizopewa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1850. Seli za Leydig ndizo zitengenezazo testosteroni, kiasi cha miligramu 5 hadi 7 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya.

Lakini korodani hazifanyi kazi kwa hiari yake. Chini ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kila baada ya dakika 90 hivi sehemu hiyo hutoa mdundo mmoja wa homoni, ambao huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo hutoa homoni mbili katika damu: LH, ambayo huziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni, na FSH, ambayo husaidia utengenezaji wa mbegu.

Ili kuuelewa utawala huu, fikiria tangi la maji lenye boya. Maji yakipungua, boya hushuka na kuufungua mfereji; yakijaa, boya hupanda na kuufunga. Testosteroni ndiyo maji. Haipothalamasi na pituitari ndizo boya na mfereji. Testosteroni ikipungua katika damu, LH huongezeka. Ikizidi, LH hupungua. Msomaji na auweke moyoni mfano huu, kwa kuwa karibu yote yatakayofuata yanatokana nao.

Kazi za testosteroni ni nyingi. Wakati wa kubalehe huinenepesha sauti, huotesha ndevu, hukuza viungo vya uzazi na misuli. Kwa mtu mzima hudumisha hamu ya tendo la ndoa, huimarisha mifupa na misuli, na huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu.

Upungufu hutokeaje

Kwa mfano wa tangi letu, hitilafu yaweza kuwa mahali pawili.

Kwanza, korodani zenyewe zaweza kuwa zimeharibika. Matubwitubwi yanayompata mvulana baada ya kubalehe huweza kuzivimbisha na kuzidhuru. Hali kadhalika ukoma usiotibiwa mapema, kuumizwa, korodani kujisokota, na baadhi ya dawa na mionzi ya kutibia saratani. Sababu moja ni ya kuzaliwa nayo: mwanamume mmoja kati ya 600 hivi huwa na kromosomu ya X ya ziada, yaani XXY badala ya XY. Hali hiyo ilielezwa na Harry Klinefelter wa Marekani mwaka 1942, na kromosomu yenyewe ikatambuliwa mwaka 1959. Wengi wenye hali hiyo hawajijui mpaka wanapooa na kukosa watoto. Katika aina hii yote ya upungufu, testosteroni huwa chini ilhali LH iko juu: mfereji umefunguliwa wote, lakini maji hayaingii.

Pili, amri yenyewe yaweza kukosekana. Uvimbe katika pituitari, matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya afyuni, unene uliokithiri, kisukari, na maradhi mazito ya muda mrefu, yote huweza kuzipunguza amri za LH. Hapa testosteroni huwa chini, na LH nayo huwa chini au haipandi ipasavyo. Mfano wa ajabu ni wa vijana wasiobalehe ambao pia hawasikii harufu, hali iliyoelezwa na Franz Kallmann mwaka 1944. Mtu atauliza, pua na kubalehe vina uhusiano gani? Jibu ni kwamba seli za haipothalamasi zinazotoa ule mdundo huzaliwa puani mwa kijusi, kisha husafiri hadi ubongoni kwa kuifuata njia ya neva za harufu. Njia hiyo isipotengenezwa, vyote viwili hukosekana.

Umri nao una sehemu yake. Tangu miaka ya thelathini au arobaini, testosteroni ya wanaume walio wengi hupungua polepole, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka. Lakini uzee wenyewe si ugonjwa. Wazee wengi hubaki katika kiwango cha kawaida, na mara nyingi anayeshuka sana huwa na unene au maradhi mengine yanayomshusha.

Dalili na mtego wake

Mvulana aliyefikisha miaka 14 bila korodani zake kuanza kukua, yafaa apelekwe kwa daktari. Wengi wao ni wachelewaji tu, nao hubalehe baadaye bila tatizo. Lakini wachache wana ugonjwa, na wakisubiri mno hupoteza wakati wa kuimarisha mifupa. Walimu, ninyi mnaowaona vijana hawa kila siku, mwaweza kuwasaidia: kwanza kwa kukomesha mzaha darasani juu ya kijana mwenye sauti ya kitoto, na pili kwa kuzungumza na wazazi wake faraghani.

Kwa mtu mzima, dalili zinazoelekeza zaidi ni kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, kutosimama kwa uume wakati wa kuamka asubuhi, kupungua kwa ndevu na nywele za mwili, kuvimba kwa matiti, korodani kusinyaa na mifupa kuvunjika kwa urahisi. Uchovu, huzuni, usingizi mbaya na kupungua kwa nguvu za misuli huweza pia kuwapo; lakini hapa ndipo penye mtego. Dalili hizo huletwa pia na malaria, upungufu wa damu, kazi nyingi, madeni na sonona.

Mtego mwingine ni wa wale ambao hamu wanayo lakini uume hausimami vizuri. Mara nyingi chanzo si testosteroni, bali ni mishipa ya damu iliyoharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au tumbaku. Mtu huyo akinunua chupa ya mchuuzi, huficha ishara ambayo ingemwonya juu ya moyo wake, kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo na huziba mapema zaidi.

Kuipima testosteroni

Kwa kuwa dalili hudanganya, hapana budi kupima damu. Kipimo hiki hakikuwezekana kwa usahihi mpaka Rosalyn Yalow na mwenzake Solomon Berson wa Marekani walipobuni, mwishoni mwa miaka ya 1950, njia ya kupima homoni kwa kutumia vitu vyenye mnururisho. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kiasi kinachotafutwa ni kidogo mno. Wataalamu wa Marekani huchukua nanogramu 300 katika desilita moja kuwa mpaka wa chini, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka jioni, hasa kwa vijana. Kwa hiyo damu hutolewa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, nayo hupimwa tena siku nyingine kabla ya kukata shauri. Tena isipimwe wakati mtu ana homa au maradhi mengine ya ghafula, maana wakati huo hushuka kwa muda. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya testosteroni husafiri ikiwa imeshikamana na protini za damu, na ni asilimia 2 tu hivi iliyo huru. Mtu mnene huwa na upungufu wa protini mojawapo, hivyo jumla yake huweza kuonekana ndogo kuliko hali halisi. Upungufu ukithibitika, LH hupimwa ili kujua hitilafu iko wapi.

Tiba

Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo kinachoondoleka. Mtu mnene akipunguza uzito, testosteroni yake hupanda. Mwenye uvimbe wa pituitari hutibiwa uvimbe. Chanzo kisipoondoleka, ndipo homoni yenyewe hutolewa.

Testosteroni safi ikimezwa huvunjwa na ini kabla ya kuufikia mwili, na ikidungwa kama ilivyo hutoweka upesi. Wanakemia walilitatua tatizo hili kwa kuiunganisha na asidi ya mafuta, ili ikae katika mafuta ya sindano na kuachiwa polepole kutoka msulini. Testosteroni enanthati hudungwa kila baada ya wiki mbili au tatu; testosteroni undekanoati kila baada ya wiki 10 hadi 14. Zipo pia jeli za kupaka ngozini kila siku. Mwenye kupaka jeli hana budi kunawa mikono na kuifunika ngozi, isije ikamgusa mkewe au mtoto. Vidonge vya zamani vya methiltestosteroni huweza kulidhuru ini, na havifai kwa tiba ya muda mrefu.

Kwa mwenye upungufu wa kweli tiba hii huleta mabadiliko makubwa: kijana asiyebalehe hubalehe, hamu hurudi, mifupa na damu huimarika. Lakini kwa wazee ambao upungufu wao hauna chanzo kingine bayana, faida ni ya kiasi. Katika majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 2016, wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipewa ama testosteroni ama jeli isiyo na dawa, bila kujua ni ipi. Waliopata testosteroni waliongezeka hamu kwa kiasi. Lakini uchovu wao haukupungua kwa namna ya kuwatofautisha na wenzao. Ndiyo maana tulimtaja Brown-Séquard: bila kundi la kulinganisha, wote wangesema wamepata nguvu.

Juu ya moyo, utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au hatari kubwa ya kuyapata, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi. Uliona, hata hivyo, ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na la damu kuganda katika mishipa ya mapafu. Kwa hiyo mgonjwa hufuatwa kwa vipimo. Chembe nyekundu zikizidi asilimia 54 ya ujazo wa damu, damu huwa nzito na dawa husimamishwa. Tezi dume nayo huangaliwa. Na mwenye saratani ya tezi hiyo kwa kawaida hapewi dawa hii.

Maji ya ndoo

Sasa turudi kwenye tangi. Je, mtu mwenye tangi zima akimimina ndoo za maji kutoka nje, nini hutokea? Boya hupanda na mfereji hufungwa. Vivyo hivyo, testosteroni ya sindano huizima LH na FSH. Korodani hukosa amri, husinyaa, na huacha kutengeneza testosteroni yake. Mbegu nazo zahitaji testosteroni iliyo ndani ya korodani kwa wingi mara nyingi kuliko ile ya damu, kiwango ambacho sindano haiwezi kukifikisha mle. Basi mbegu hupungua, hata kukoma kabisa.

Hili si dhana. Shirika la Afya Duniani lililijaribu likiwa njia ya kupanga uzazi, na matokeo yalitangazwa mwaka 1990: wanaume 271 wenye afya walidungwa miligramu 200 za testosteroni enanthati kila wiki, na katika muda wa miezi 6 zaidi ya nusu yao hawakuwa na mbegu hata moja. Kwa kawaida mbegu hurudi miezi kadhaa baada ya kuacha. Lakini kwa vijana wanyanyuao vyuma ambao hujidunga vipimo vikubwa kwa miaka, zaweza kuchelewa mno. Tazama basi kinyume chake: mtu anatafuta uanaume dukani, naye anarudi nyumbani akiwa mgumba, na huenda lawama ikamwangukia mkewe. Mwanamume mwenye upungufu unaotokana na kukosa amri, naye anataka watoto, hapewi testosteroni. Hupewa homoni zinazofanya kazi ya LH na FSH, ili korodani zake ziamshwe zifanye kazi zote mbili.

Hili basi ndilo jibu langu kwa wenye karatasi zilizokunjwa. Sindano humfaa yule ambaye damu yake, iliyopimwa asubuhi mara mbili, imeonyesha upungufu unaoafikiana na dalili zake, na ambaye chanzo chake kimetafutwa. Kwa wengine haifai, nayo yaweza kudhuru. Na swali lenyewe si la aibu. Mwaka ujao mwulizaji na asimame aulize, wenzake wote wanalo hilo hilo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mgonjwa ana testosteroni ya chini na LH ya juu. Kwa kutumia mfano wa tangi, eleza hitilafu iko wapi.

2. Majimaji ya damu ya mtu mzima ni lita 3 hivi. Kwa kiwango cha nanogramu 300 katika desilita, tafuta uzito wa testosteroni iliyomo yote.

3. Jaribio la Brown-Séquard lilikosa nini ambacho la Berthold lilikuwa nacho? Pangeni jaribio ambalo lingemtoa mzee yule katika kosa lake.